Kaa wa Pwani Anapojivua Gamba Katika Baridi ya Mbeya

Kaa ninaowafuga ni wale wa nchi kavu wanaotembea wamejificha ndani ya makombe ya konokono wa baharini, ambao mtu yeyote aliyepita ufukweni Tanga au Mtwara nyakati za jioni huwa amewaona wakipishana mchangani. Niliachiwa na shangazi yangu wa Tanga, na tangu hapo nimewalea hapa Uyole, Mbeya, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Simshauri mtu yeyote aende kuwaokota ufukweni ili awafuge, kwa kuwa ni vigumu mno kuwazalisha nyumbani: mayai yao huanguliwa baharini, na watoto wao huishi majini kwanza kabla ya kupanda nchi kavu. Hata hivyo, aliyekwisha kuwa nao anapaswa kujua namna ya kuwavusha katika kipindi cha kujivua gamba, maana hicho ndicho kipindi ambacho wafugaji wengi huwapoteza.

Gamba la kaa ni gumu na halitanuki, kwa hiyo hana njia ya kukua isipokuwa kulivua na kuota jingine. Wadogo hufanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka, ilhali wakubwa huweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kurudia. Porini kaa hujifukia ardhini, akakaa gizani kwenye mchanga wenye unyevu, na huko chini hulivua gamba la zamani, hulila ili kurudisha chokaa mwilini, kisha husubiri jipya likauke. Kaa mdogo huweza kumaliza kazi hiyo kwa wiki chache. Mkubwa huchukua miezi. Katika muda huo wote mwili wake ni laini, hana silaha, na harufu yake huwavutia kaa wenzake, ambao hawaoni aibu kumla.

Kwa maoni yangu, kaa huokolewa au hupotezwa kabla hajajifukia, kwa sababu akishaingia mchangani karibu kila unachoweza kumfanyia ni madhara. Matayarisho ndiyo yanayohitaji juhudi, na kwa mkazi wa nyanda za juu kusini juhudi hiyo ni maradufu. Kaa hawa hupumua kwa mashavu kama samaki, ila mashavu yao yamezoea hewa yenye unyevu. Wanahitaji unyevu wa hewa wa takriban asilimia 75 hadi 85 na joto la nyuzi 24 hadi 29. Hewa yetu ya kiangazi, kavu na yenye upepo wa vumbi, iko mbali kabisa na viwango hivyo. Tangi la kioo lenye mfuniko wa kioo, ambalo fundi yeyote wa madirisha ya aluminiamu huweza kulitengeneza, hutunza unyevu vizuri kuliko kizimba cha wavu. Kipimajoto na kipima unyevu hupatikana kwa wauzaji wa mashine za kutotoleshea vifaranga, wala haviwi ghali.

Joto lina mtego wake. Pedi ya umeme ya kupashia joto ibandikwe kwenye ukuta wa nyuma wa tangi, juu ya usawa wa mchanga, kamwe isiwekwe chini, kwa sababu kaa aliyejifukia huenda chini kutafuta ubaridi na unyevu, na akikuta sakafu ya moto atapikwa akiwa hai. Umeme unapokatika usiku, mimi hujaza maji ya moto kwenye chupa, nikazipanga nje ya kioo na kulifunika tangi lote kwa blanketi. Wapo wanaopendekeza jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hilo ni hatari kwa binadamu kabla hata ya kumfikia kaa.

Kuhusu mchanga, kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni sehemu tano za mchanga kwa sehemu moja ya nyuzi za makumbi ya nazi, na kina kisichopungua sentimita 15, au mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote, kutegemea kipi kinazidi. Mchanga wangu ulitoka Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, nikauosha mpaka maji yakawa meupe; makumbi niliyaomba kwa wauza nazi wa Mwanjelwa, ambao walidhani naenda kuwashia moto. Mchanganyiko hulowanishwa kiasi kwamba ukiufinya unashikamana bila kudondosha maji, maana ukiwa mkavu pango litamporomokea kaa, na ukiloa kupita kiasi maji hutuama chini na kuozesha kila kitu. Maranda ya misonobari, yanayojaa kwenye karakana za mbao kuanzia Mafinga hadi huku kwetu, yasitumike hata yakitolewa bure, kwa kuwa utomvu wa miti hiyo haumfai kaa.

Anahitaji pia vyombo viwili vya maji, kimoja cha maji yasiyo na chumvi na kingine cha maji ya chumvi, kwa sababu hubeba maji ndani ya kombe lake na kuyatumia akiwa chini. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa siku nzima kwanza. Chumvi iwe ya bahari, isiyotiwa madini joto, kama gramu 35 kwa lita moja; ile ya Uvinza hutoka kwenye chemchemi, na ya mezani ina vitu vilivyoongezwa.

Dalili za kaa anayekaribia kujivua si ngumu kuzitambua. Kaa hula na kunywa kuliko kawaida, kisha hupoa. Macho hupoteza mng'ao na rangi ya mwili hugeuka ya majivu. Aliyepoteza mguu huota mahali pale kijichipukizi laini cha kijivu, ambacho hukunjuka kuwa mguu kamili baada ya gamba kuvuliwa. Akitoweka, usimfukue. Kaa wangu mmoja alichimba pango lake likagusa kioo, hata nikaweza kumwona: gamba kuukuu limelala pembeni, miguu yake mitupu imejikunja, naye mwenyewe, mweupe na mlegevu, akimega kipande cha mguu wa gamba hilo kwa gando dogo na kukitafuna taratibu mno. Nilibandika karatasi nyeusi upande ule wa kioo na sikuichungulia kila mara, ingawa wapwa zangu walinisihi.

Ikitokea amejivua juu ya mchanga, usimshike. Mzungushie chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa chini na kutobolewa matundu, uikandamize mchangani, umfunike asipate mwanga, na umwachie gamba lake alile. Usidanganywe na umbo: gamba lililoachwa hufanana na kaa aliyekufa, lakini ni tupu na jepesi. Kaa aliyekufa hujitangaza kwa harufu ya samaki aliyeoza, na huyo ndiye peke yake anayestahili kufukuliwa.

Akipanda juu atakuwa na njaa. Usipa wa Kyela, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, waliokaushwa bila chumvi na maganda ya mayai yaliyosagwa humtosheleza protini na chokaa. Atahitaji pia kombe jipya, lenye mdomo mpana kidogo kuliko gando lake la kushoto, ambalo ndilo analozibia mlango wake. Akilikosa, atampora mwenzake kwa ugomvi. Makombe mimi huyaagiza kwa shangazi, machache kila mara, kwa kuwa kaa waliobaki kule pwani nao wanayahitaji. Huyachemsha kabla ya kuyaweka tangini, na yale yaliyopakwa rangi au vanishi kwa ajili ya watalii siyapokei, kwa maana rangi hubanduka na kaa huimeza.