Jinsi nilivyotuliza mkia wa helikopta yangu ya modeli hapa Mwanza

Helikopta niliyoinunua ikiwa imeshatumika ni ya betri, saizi 450, na ilikuja na jairo (kifaa cha kuhisi mgeuko) ya Futaba GY401 pamoja na sevo ndogo ya kidijitali ya mkia, yaani kimota kinachosukuma fimbo ya kubadili pembe ya mapanga ya mkia. Ushauri niliopewa na karibu kila mtu ulikuwa huo huo: pandisha geini mpaka mkia utulie. Sikuufuata. Geini ni ukali wa jairo tu, na jairo hata iwe kali vipi haiondoi ukakasi kwenye fimbo wala pleyi, yaani ulegevu, kwenye viungo.

Kwenye helikopta yangu pangaboi kubwa linazunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo bodi inataka kwenda kinyume na pua inakimbilia kushoto. Mapanga madogo ya mkia ndiyo yanayoizuia. Jairo inahisi bodi inavyogeuka na kuiamuru sevo irekebishe kabla jicho halijaona kitu.

Nilichomoa waya za mota kwanza, maana mapanga yakizunguka mezani hayachagui vidole. Kisha nikatoa kigololi cha fimbo kwenye mkono wa sevo na kuisukuma fimbo kwa mkono. Ilikuwa inateleza vizuri, lakini ukiisukuma kwa nguvu kidogo inapinda katikati. Ukiivuta, hamna shida. Mkia wa namna hiyo unasimama vizuri ukigeuka upande mmoja na kuyumba ukigeuka upande wa pili. Fundi baiskeli wa jirani, ambaye hajawahi kushika rimoti, alikuja kuangalia, akaushika mkia akautikisa mara moja tu. "Kijana, huku nyuma nako pana pleyi." Kweli, kiungo cha mwisho kilikuwa kimelika. Nikaweka kipya, na katikati ya bomba la mkia nikafunga kipande cha mrija wa peni iliyoisha wino ili fimbo ipite humo bila kupinda.

Baada ya hapo niliiweka jairo kwenye hali ya kawaida, ile ambayo taa nyekundu imezimika. Trimu zote za rimoti (vitufe vya kurekebisha katikati ya stiki) kwenye sifuri, na mchanganyiko wa kaba na mkia, ule unaoufanya mkia ufuate kaba, umezimwa. Sevo ikiwa katikati, mkono wake ulitakiwa kukaa nyuzi 90 na fimbo. Nilipouona umeinama nilihamisha jino la mkono badala ya kudanganya kwa rimoti. Kisha nikayakunja mapanga mawili ya mkia yakae upande mmoja na kuangalia ncha zake. Zilitakiwa ziachane kidogo, kuonyesha kwamba hata mkia ukiwa katikati tayari unasukuma pua kulia. Urefu wa fimbo ndio unaoamua hilo.

Mwelekeo hukaguliwa mara mbili, na watu huchanganya. Kwanza stiki: ukiisukuma kulia, mapanga ya mkia yaelekee upande wa kupeleka pua kulia. Halafu jairo yenyewe: ishike helikopta, igeuze pua kushoto ghafla, na mapanga yafanye kile kile yalichofanya ulipoisukuma stiki kulia. Yakifanya kinyume, geuza swichi ya mwelekeo iliyo kwenye jairo, la sivyo helikopta itazunguka kama pia mara tu itakapoinuka. Jirani na swichi hiyo kuna nyingine ya DS. Hiyo ni ya sevo za kidijitali tu. Sevo ya kawaida utaiunguza.

Kikomo cha mwendo wa sevo, kinachowekwa kwenye jairo, nilikipima kwa sikio: stiki hadi mwisho, sevo isilie. Kama ingenibidi kukishusha sana chini ya 100, ningesogeza kigololi ndani kwenye mkono wa sevo, ili sevo itumie mwendo wake wote.

Kuruka naruka upande wa Luchelele, mbali na uwanja wa ndege ulioko Ilemela, na naenda asubuhi kabla upepo wa ziwani haujaanza. Helikopta naiwasha juu ya jabali, maana jairo ikiwashwa haitaki kutikiswa mpaka imalize kujipima. Nikaielesha chini chini kwenye hali ya kawaida, pua ikaenda kushoto taratibu. Nikashuka, nikazungusha kiungo cha fimbo kidogo, nikapaa tena, mpaka pua ikakaa bila trimu. Hapo ndipo nilipowasha hali ya kushika mwelekeo, ambayo jairo hukumbuka pua ilikoelekea na kuirudisha huko. Wengi hudhani jairo imeharibika kwa sababu wakiwa mezani wanagusa stiki na sevo hairudi katikati. Ndivyo inavyotakiwa. Chini pia usiguse stiki ya mkia wakati pangaboi linachanganya mwendo, jairo itahesabu amri hiyo na mkia utaruka ukinyanyuka.

Geini nilianzia 30, nikapanda kidogo kidogo mpaka mkia ukaanza kutikisika haraka haraka, nikarudi nyuma hatua chache. Namba alizonitumia rafiki wa Dar hazikufaa, na nadhani najua sababu. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mkia unashika hewa hiyo hiyo nyepesi. Yangu ilikubali geini ya juu kuliko yake. Ila ukienda mbele kwa kasi mkia hupata nguvu zaidi, na geini iliyotulia wakati wa kuelea inaweza kuanza kutikisa; hivyo nimeweka mbili kwenye swichi, ya chini kwa mwendo kasi.

Jua la saa sita nalo lina mambo yake. Ukitoka na helikopta kwenye chumba cha baridi ukaiwasha hapo hapo juani, pua huanza kutambaa yenyewe, kwa hiyo naiacha nje kwanza izoee joto. Tepu ya pande mbili iliyoshika jairo naibadilisha mapema kuliko watu wengine, kwa sababu joto huilainisha, na jairo ikianza kucheza mkia hutikisika hata kama geini haijaguswa.