"Nane" iliyokosa herufi moja

Niseme ukweli, aliyeniambia "weka isdigit, umemaliza" nilipotaka programu yangu ikubali namba tu (isdigit hukagua kama maandishi ni tarakimu tupu), hajawahi kupima dagaa maishani mwake.

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei 2024, miezi mitatu, na kwenye meza ya dagaa ya mama mkubwa hapa Mwanga, Kigoma, kazi ikawa kufukuza nzi tu. Nikalirudia zoezi la Python, lugha ya kuandikia programu, lililokuwa limenishinda: muulize mtu kilo, akikosea muulize tena, mpaka apatie. Mistari kumi hivi. Ilinila siku nne na bando nisilotaka kulihesabu.

Kwanza niliweka input (swali linalosubiri jibu) juu ya while (kitanzi kinachorudia kazi), ndani nikaacha onyo peke yake. Nikaandika herufi makusudi, skrini ikamwagika "Andika namba! Andika namba!" kama konda aliyebakiza siti moja. Jibu ni lilelile, hakuna aliyeulizwa upya, itatokaje? Swali likaingia ndani ya kitanzi.

Hiyo isdigit sasa: inakataa 2.5, maana nukta si tarakimu. Kwenye mzani wetu kilo kamili ni bahati. Nikahamia kwenye try (jaribu) na float (hugeuza maandishi kuwa namba, hata yenye nukta), chini nikaweka except (ikishindikana, fanya hivi) tupu, isiyotaja ni kosa gani, tena kwa ushauri wa mtu yuleyule. Nikabonyeza Ctrl+C nitoke. "Andika namba!" Nikabonyeza tena. "Andika namba!" Except tupu inameza hata amri ya kusimamisha programu, ilibidi nifunge dirisha zima. Andika except ValueError, inase kosa la thamani tu, usinizoee.

Nikajiona fundi. Nilikuwa nimezuia hadi sifuri na hasi: kama kilo <= 0, uliza tena; vinginevyo break, yaani toka kitanzini. Nikamwita mama mkubwa ajaribu mwenyewe. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaandika "kilo tatu", ikamkatalia vizuri. Akaandika "-3" kunikomoa, ikamkatalia. Mimi kifua mbele. Akajaribu kuandika "nane" kwa herufi, kidole kikaikosa ile e ya mwisho, akabonyeza Enter.

Ikakubali.

Jumla: nan.

"Mwanangu, nan ndiyo shilingi ngapi?"

Nilidhani laptopu imeungua. Usiku mzima nachungulia mistari ile, kumbe float inalijua neno "nan". Kwake ni jina halali la kitu ambacho si namba. Yaani mlango nilioujenga kuzuia visivyo namba ulimpokea aliyejitambulisha mlangoni kwamba si namba! Na ukiuliza kama nan ni ndogo kuliko sifuri au sawa nayo, jibu ni hapana. Ukiuliza kama ni kubwa, hapana pia. Hata ukiilinganisha na yenyewe, inajikana. Kwa hiyo kizuizi changu kilichotafuta wabaya tu hakikumwona mbaya yeyote, kikampitisha.

Dawa ilikuwa kugeuza swali. Badala ya kuwinda jibu baya, nikadai jibu zuri: if 0 < kilo <= 200, ndipo break. Nan haiwezi kujibu ndiyo hapo, inarudi foleni. Na "inf", ndugu yake asiye na mwisho, anagonga 200 anabaki nje. Kwa nini 200? Mama mkubwa kasema akiuza zaidi ya hapo kwa mteja mmoja atahesabu mwenyewe kwa raha zake.

Baadaye nikaongeza kamusi ndogo kabla ya float: "nusu" ni 0.5, "robo" ni 0.25, na "nane" nayo nikaipa 8 kwa heshima yake. Usisahau strip na lower, simu zinapenda kuanza na herufi kubwa na kuacha nafasi mwishoni.

Jambo jingine ni koma. Mama mkubwa huandika 2,5, nami nikaweka replace igeuze koma kuwa nukta. Nikaitumia kwenye kilo, nikainakili na kwenye bei bila kufikiri. Akaja mteja wa kilo mbili, mama mkubwa akaandika bei 25,000, programu ikaisoma 25.0 na kutangaza jumla shilingi 50. Siku hizi koma ya kilo naigeuza nukta, ya bei naifuta kabisa. Lakini siku ile mteja aliiona skrini kabla yangu, na alishaanza kupekua mfukoni kutafuta sarafu.