Valvu Tisa za Deluxe Reverb ya Mwaka 1965

Ndani ya sanduku la amplifaya yangu, kwenye karatasi inayoonyesha mpangilio wa valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyokuza na kuongoza umeme, kuna herufi mbili zilizopigwa mhuri kwa wino: OC. Kwa hesabu za kiwanda cha Fender, herufi ya kwanza ni mwaka, A ikisimama badala ya 1951, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo amplifaya hii ya gitaa, Deluxe Reverb, ni ya Machi 1965, na ilitoka Fullerton, California. Spika yake ya inchi 12, ya Oxford, ina namba 465-508, yaani wiki ya nane ya mwaka huo huo, na hivyo naamini wawili hawa hawajawahi kutengana. Niliinunua hapa Marekani kwa mzee mmoja aliyeipiga kanisani kwa miaka michache, kisha akaiweka chumbani chini ya shuka. Ngozi bandia nyeusi imechubuka kona moja tu, na kitambaa cha rangi ya fedha kilichofunika spika hakina hata doa la moshi wa sigara.

Wapo watakaosema imekosa thamani kwa miezi miwili, kwa sababu kampuni ya CBS iliinunua Fender Januari 1965 kwa dola milioni 13, na kwao vyombo vya baada ya mauzo hayo si sawa na vya kabla. Mimi sikubaliani nao. Saketi iliyomo, yaani mpangilio wa njia za umeme, ni ile ile AB763 iliyokuwa ikitumika kabla ya mauzo, na mafundi waliokuwa wakilehemu waya Desemba ndio walioendelea kulehemu Machi.

Mwanzilishi wa kampuni, Leo Fender, mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alikuwa fundi redio, aliyefungua duka lake la matengenezo hapo hapo Fullerton mwaka 1938. Jambo hilo hunigusa, kwa kuwa baba yangu mdogo naye alikuwa fundi redio, kule Tanga, na karibu na meza yake ndipo nilipojifunza kwamba chombo kilicholala muda mrefu hakichomekwi moja kwa moja ukutani. Kwanza huunganishwa na balbu kwa mfululizo, ili kama ndani kuna shoti, balbu iwake na chombo kisiungue. Nilifanya hivyo hivyo. Nilichomoa valvu zote tisa, nikazipanga mezani kwa utaratibu wake, nikatumia balbu ya wati 100. Uzi wa balbu uling'aa mara moja, ukafifia ukawa mwekundu, kisha ukazimika. Transfoma ilikuwa nzima.

Hapo ndipo nilipofika kwenye uamuzi ambao wapenzi wa vyombo vya zamani hugombana juu yake. Amplifaya ilikuwa na kapasita zake za kwanza, vile vifaa vya kuhifadhi na kuchuja umeme, za aina ya elektroliti, zilizofichwa chini ya kifuniko cha bati juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba saketi. Kwa mnunuzi wa makumbusho hizo ni mali. Lakini kapasita za namna hiyo hukauka ndani hata zisipotumika, na ikitokea moja ikapiga shoti, inaweza kuondoka na transfoma ambayo haina mbadala wa umri wake. Tena amplifaya iliundwa kwa umeme wa volti 117, na mita yangu ukutani inasoma 122, maana yake kila kilichomo kinabebeshwa zaidi ya kilivyokusudiwa. Nilizibadilisha zote. Nikaondoa na plagi ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi, pamoja na ile kapasita ndogo inayounganisha umeme wa ukutani na chesisi, kwani ikiharibika, anayegeuka njia ya umeme ni mpigaji mwenye nyuzi mikononi na midomo kwenye maikrofoni. Mengine yote sikuyagusa, hata valvu mbili za nguvu aina ya 6V6GT, ambazo bado zinapima vizuri.

Sasa sauti. Nguvu yake ni wati 22 tu, wakati ndugu yake mkubwa, Twin Reverb, hutoa 85 na hubaki safi hata ukumbi ukitetemeka. Uzuri wa Deluxe Reverb ni kwamba huelemewa mapema. Sauti ikiwa kwenye 3, kila noti husimama peke yake, nyuzi nyembamba zikimetameta bila kuchoma masikio, na mapigo ya solo ya muziki wa dansi niliyokulia hutoka yakiwa yamekatika vizuri kama punje. Nikipandisha hadi 5 na kitu, mambo hubadilika: nikigusa uzi polepole ni safi, nikiupiga kwa nguvu valvu za 6V6 hushindwa kidogo na noti huingia mkwaruzo laini pembezoni. Wakati huo huo volti zinazotoka kwenye valvu ya GZ34, inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, hushuka kwa muda mfupi sana kisha hurudi, kwa hiyo noti hubanwa mwanzoni halafu hupanuka. Mkono huhisi hilo kabla ya sikio.

Mwangwi wake hutoka kwenye springi halisi zilizotundikwa chini ya sanduku, nao una unyevunyevu ambao sijaukuta kwenye programu yoyote niliyojaribu. Sehemu iliyoandikwa Vibrato, ambayo kwa kweli hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti wala haigusi noti, huendeshwa na kibalbu cha neoni kinachopepesa mbele ya kizuizi kinachohisi mwanga. Chumba kikiwa na giza na mgongo wa sanduku ukiwa wazi, siachi kufikiria kile kimwanga kidogo kinachopepesa mle ndani, kimefunikwa, hakionwi na mtu.

Kapasita kuukuu sikuzitupa. Nimezitia kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye tarehe ya kila nilichobadilisha, nikaibandika ndani ya sanduku, karibu na ule mhuri wa OC.