Maji ya mashine yanakwenda wapi?

Mteja akinipigia kutaka kuoshewa nyumba, swali langu la kwanza halihusu ukubwa wa nyumba. Namuuliza: mvua ikinyesha, maji yako yanaelekea upande gani? Wengi hushangaa. Wanachotaka ni bei.

Ninafanya kazi hii Dar, zaidi Tabata na Segerea, na msimu wangu ni baada ya masika, kuta za uzio zikiwa zimeota ukijani na pevingi, vile vitofali vya uwanjani, zinateleza. Mashine ndogo ya umeme ya kuoshea kwa presha hutoa kama lita 7 kwa dakika. Saa moja ya kuosha ni lita 420 za maji yenye mchanga, ukungu na vumbi la rangi, na yote lazima yaende mahali. Huku kwetu mahali penyewe ni mtaro, na mtaro unashuka hadi Mto Msimbazi. Mchanga ukituama njiani, masika yajayo maji yanaingia sebuleni kwa watu.

Kwa hiyo kazi inaanza pakavu. Fagio la chelewa, chepe, kiroba. Majani na mchanga ulio juu ya pevingi unazolewa kabla mashine haijawashwa, maana ukishaulowesha umekuwa tope, na tope halifagiliki. Kisha naziba njia ya kwenda mtaroni kwa viroba vya mchanga, nikiacha upenyo mmoja niliouwekea chandarua chakavu kilichokunjwa mara mbili. Maji yanatuama kidogo, mchanga unazama, yanayopita ni afadhali. Naanzia upande wa juu wa uwanja na kushuka, sehemu ndogo ndogo, na kila mara nazoa tope lililojikusanya.

Kama nyumba inavuna maji ya mvua, bomba la gata linaloingia kwenye simtanki nalichomoa kabla sijagusa paa. Kinyesi cha ndege na vumbi la mwaka mzima havina kazi ndani ya maji ya kupikia.

Kuna wanaosema elekeza maji kwenye chemba ya choo, yaishe. Hapana. Shimo linajaa mchanga, na mwenye nyumba anaita gari la maji taka kabla ya wakati wake. Ukiwa umetumia Jiki ndiyo mbaya zaidi, inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu mle ndani. Jiki yenyewe naitumia kwa uchache, kwenye ukungu sugu tu, na mimea ya karibu nailowesha kwanza kwa maji matupu, halafu naisuuza tena mwishoni. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hewa inayotoka hapo ni sumu.

Rangi ya zamani ya mafuta inayobanduka siipigi mashine kabisa. Huenda ina madini ya risasi, na vipande vikitawanyika kwenye udongo wanaochezea watoto huwezi kuviokota vyote. Ukuta wa namna hiyo unakwanguliwa ukiwa umeloweshwa, turubai likiwa limetandikwa chini.

Jambo jingine ni jirani wa bondeni. Kimanga kuna nyumba ambayo maji yake yote hupita mbele ya geti la mzee mmoja, basi siku moja kabla nilikwenda kupiga hodi.

“Shikamoo mzee. Kesho tunaosha hapo juu, nimekuja kukuarifu.”

“Marahaba. Tope likifika kwangu, fagio ninalo, utalishika wewe.”

Tope halikufika, lakini alitoka mara kadhaa kukagua.

Kitu ambacho wateja hawakitegemei ni mchanga wa kati ya pevingi. Presha inauchimbua, na usiporudishwa vitofali vinaanza kucheza. Nasubiri pakauke, kwa kawaida kesho yake, nafagia mchanga mkavu uliochekechwa hadi mianya ijae. Zamani kazi hii niliitoza kando, wakawa wanaikataa na wiki mbili baadaye wananipigia kulalamika. Siku hizi iko ndani ya bei, na asiyeitaka atafute fundi mwingine.