Siku moja na mimi, Binti Makorora: mchana kaunta, usiku stori

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana ndo alamu yangu. Nikishaswali naandika kwenye simu hapo hapo kitandani, dakika arobaini hivi kabla mama hajaniita nikamsaidie vitumbua. Leo nimepata aya tatu, mbili hazifai.

Saa moja naweka stetasi, picha ya chai na maneno "sehemu ya 14 leo saa tatu usiku, nani yupo?" Wengine wanaona maringo, ila kaa kimya siku mbili uone watu wanavyohamia kwa mwingine.

Saa mbili niko kazini. Naprinti na kutoa kopi kwenye steshenari moja Ngamiani, huku kwenye barabara za namba. Asubuhi ni vyeti na fomu tu.

Saa nne pametulia, nachungulia TikTok. Wiki iliyopita nilijipanga nikarekodi video ya Shaaban Robert, kwamba kazaliwa hapa hapa Tanga, Vibambani, mwaka 1909, wakaangalia watu 61. Juzi najirekodi nakuna nazi huku nasimulia kipande cha stori yangu, elfu nne na kitu! Sijakasirika (nimekasirika kidogo). Ila katika hao wote waliokuja WhatsApp ni 9, na wanaolipa buku mbili ya stori nzima wanatokea huko WhatsApp, kwa hiyo siku hizi mafolowa hawaninyimi usingizi.

Saa saba mchana kaingia mama mmoja mtu mzima, baiskeli kaiegemeza mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitolee hii, macho yangu na simu haviendani."

Kanirushia PDF, kurasa 38. Nafungua, jamani, stori yangu! Jina langu juu limefutwa, limekaa la peji nisiyoijua. Sheria ya hakimiliki ya 1999 iko upande wangu, naijua, lakini kwenye magrupu utamshika nani? Nikaprinti huku mikono inatetemeka, mia mbili kila ukurasa, yaani 7,600 ya bosi, mwenye stori sifuri.

"Tamu hiyo hadithi?" nikamuuliza.

"Tamu, ila mwandishi wake anachelewesha!"

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, mwandishi ni mimi." Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi. Nikamfungulia ukurasa wa 20, pale bibi muuza visheti anapotajwa jina, Binti Makorora. Huo ndo mtego wangu, nalipachika jina langu kwa mhusika mdogo ambaye mwizi hana muda wa kumsoma. Kisha nikamwonesha akaunti yangu. Akanyamaza, akaniangalia, akasema "Kumbe ni kitoto hivi," akaomba namba.

Saa kumi na mbili natoka, napita Raskazone kurekodi sauti ya bahari ya kuweka nyuma ya video. Upepo umeharibu yote.

Saa tatu usiku naposti sehemu ya 14. "Next", "lete", "admin unatuua", mmoja kalalamika fupi. Wanne wamelipa, elfu nane, bando la wiki limepatikana na chenji.

Saa tano nataka kulala, meseji inaingia, ni yule mama wa baiskeli, kwa sauti: "Mwanangu, huyu Rehema anaolewa au haolewi? Niambie mie tu, sitosema."

Sijui hata mimi. Nimewasha taa.