Jinsi nilivyoacha kupitwa na tarehe ya sindano

Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo-Provera, na tarehe ilikuwa inanipita kila mara. Hedhi yangu ilishakata, jambo la kawaida kwa sindano hii, kwa hiyo mwili haukunikumbusha chochote. Kadi ya kliniki ilikaa kabatini. Kengele ya simu niliitega siku yenyewe ya miadi. Ikilia niko kazini, naizima, basi.

Kilichonisaidia ni kuhesabu wiki badala ya miezi. Miezi mitatu ni kama wiki 13. Nikichomwa Jumanne, nahesabu Jumanne 12 mbele na kwenda siku hiyo, bado nina wiki nzima mkononi. Siku haibadiliki, ni Jumanne daima, na ninaipanga kabla sijatoka kliniki. Nilihofia kwamba kuwahi kungeleta shida, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kuchomwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe, au hadi wiki 4 baada yake.

Wanaotumia ile ya miezi miwili, Noristerat, wahesabu wiki 8.