Kadi ya Sontonga imekamilika, sasa seti ya kwanza inaweza kuchapwa

Hatimaye! Kadi ya Enoch Sontonga imetoka, na tangu jana usiku imo kwenye faili la kwaya: mbele solfa (nota zinazoandikwa kwa herufi: d, r, m) ya sauti nne, nyuma maisha ya mtunzi. Mnaofuatilia mradi huu wa kadi za watunzi wa tenzi mnajua ni yeye aliyekwamisha seti nzima. Kadi nyingine zilikuwa tayari zamani, lakini nilikataa katakata kuchapa seti ya watunzi wa tenzi isiyo na mtu aliyetunga tuni ya wimbo wetu wa taifa, "Mungu ibariki Afrika", ambayo nchi nzima inaijua kwa moyo.

Wale wengine hawakunisumbua. Horatio Spafford na "Ni salama rohoni mwangu", kwa mfano: maneno yake, 1873, baada ya meli Ville du Havre kuzama Atlantiki na mabinti zake wanne, tuni ya Philip Bliss, 1876, ambayo Bliss mwenyewe aliipa jina la meli ile ile. Desemba mwaka huo huo Bliss akafa katika ajali ya treni Ashtabula, Ohio. Majina, tarehe, mahali, yote yamenyooka. Joseph Scriven wa "Yesu kwetu ni rafiki" naye vivyo hivyo: Muairishi aliyehamia Kanada, akafa maji mwaka 1886, na tuni aliitunga mwanasheria wa Marekani, Charles Converse, mwaka 1868.

Aliyeanza kunitoa jasho ni Fanny Crosby. Huyu mama alikuwa kipofu tangu uchanga, akaishi kuanzia 1820 hadi 1915, akaandika tenzi zaidi ya 8,000. "Usinipite Mwokozi" ni wake, tuni ya William Doane. Wachapishaji hawakutaka kitabu kizima kionekane cha mtu mmoja, kwa hiyo akatumia majina ya bandia yanayokaribia 200. Jedwali langu la tenzi lilikuwa na safu moja tu ya "Mtunzi". Nikimtafuta Crosby, nusu ya kazi yake haionekani. Nikaona ni tatizo la mwanamke mmoja, nikaendelea.

Halafu nikafika kwa Sontonga, na tatizo likawa lile lile, ila kwake lilikuwa kaburini.

Nimelisoma jambo hili mara nyingi na bado linanichoma. Sontonga alizaliwa Uitenhage, Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, karibu mwaka 1873. Alisoma chuo cha misheni cha Lovedale, akawa mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mpiga picha, na mtu wa kuandika nyimbo kwenye daftari kwa ajili ya wanafunzi wake. Akafariki. Kwa miongo mingi hakuna aliyejua kwa uhakika alikufa lini wala amelazwa wapi, wakati wimbo wake tayari ulikuwa wa taifa katika nchi kadhaa. Wataalamu walipekua rejista za makaburi wakitafuta "Sontonga" wasimwone. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndipo alipopatikana, katika makaburi ya Braamfontein, sehemu waliyoiita ya "Wenyeji Wakristo". Karani alikuwa amemwandika "Enoch". Basi. Jina la ubatizo, bila la ukoo.

Alikufa tarehe 18 Aprili 1905 kwa ugonjwa wa tumbo na kidole tumbo kilichotoboka, akiwa na miaka thelathini na kitu. Tarehe 24 Septemba 1996 kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Mandela akazindua mnara hapo. Miaka tisini na moja! Mzungu aliyezikwa Braamfontein juma lile lile aliandikwa kwa jina lake la ukoo na hakuna aliyempoteza.

Hapo ndipo nilipoacha kulazimisha kadi na kurudi kwenye jedwali lenyewe. Nimeivunja safu ya "Mtunzi" na kutengeneza safu mpya: maneno, tuni, beti za nyongeza, mpangaji wa sauti, aliyeleta kwa Kiswahili, na "majina mengine". Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyofungua kila kitu. Crosby amekaa sawa na Sontonga amekaa sawa. Hata zile fotokopi za kwaya zilizoandikwa jina moja la kwanza juu kulia, au herufi mbili tu, sasa zina mahali pa kungojea hadi mwenyewe apatikane.

Safu ya "beti za nyongeza" nayo niliiongeza kwa ajili yake. Mwaka 1897 Sontonga alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha "Nkosi Sikelel' iAfrika", wimbo wenye tuni hiyo. Mwaka 1899 ukaimbwa hadharani kwenye ibada ya kuwekewa mikono mchungaji wa Kimethodisti. Beti saba zilizofuata ni za mshairi S.E.K. Mqhayi, nazo zilichapwa mwaka 1927, Sontonga akiwa kaburini miaka ishirini na miwili. Ukiandika "Sontonga" peke yake juu ya wimbo mzima unamnyima Mqhayi haki, na ukiandika "wimbo wa mapokeo", kama ilivyo kwenye nakala niliyopewa mimi, unawanyima wote wawili. Neno hilo "mapokeo" nimelifuta kwenye kila karatasi ambayo mtunzi wake anajulikana. Tenzi za Ulaya za miaka hiyo hiyo hatuziiti mapokeo.

Sasa kuhusu Parry. Kila nikitaja kadi hii kuna anayeniandikia kwamba Sontonga alichukua tuni kwa Joseph Parry, yule Mwelshi wa Merthyr Tydfil (1841–1903), kutoka tuni yake "Aberystwyth" ya mwaka 1879. Nimezichapa zote mbili, nikaziweka sambamba, nikaimba soprano na besi ya kila moja hadi jirani wakazoea. "Aberystwyth" iko kwenye skeli ya mainori: nyumbani kwake, yaani sauti inapotulia, ni l (la), na huzuni yake inakaa humo humo. Mistari yake ni ya silabi saba saba, mara nane. Wimbo wa Sontonga ni wa meja, unaotulia d (do), aliuandika do ikiwa B flati, na unaanza d, d, unashuka t ya chini, unarudi d, unapanda r, m. Mimi nasikia shule moja ya upatanifu, ile ya misheni: kodi (sauti zinazolia pamoja) chache, besi inayotembea d, f, s kwa utulivu, tena isiyohangaika. Alilelewa humo na aliwafundisha watoto humo. Kutoka hapo hadi kusema aliazima tuni fulani ya mtu fulani ni hatua nyingine, na masikio yangu hayanipeleki huko. Kwenye kadi nimeandika "Tuni: Enoch Sontonga, 1897" na itabaki hivyo.

Jambo lililoniuma zaidi wakati wa kuandika upande wa nyuma ni lile daftari. Nyimbo zake alizihifadhi kwa solfa kwenye daftari la kawaida. Baada ya kifo chake mkewe, Diana, aliachwa na mtoto wao wa kiume, na inasimuliwa kwamba haki za wimbo aliziuza kwa peni sita. Wimbo ulioimbwa Bloemfontein tarehe 8 Januari 1912 siku chama kilichokuja kuitwa ANC kilipozaliwa. Uliorekodiwa London na mwandishi Sol Plaatje mwaka 1923. Uliochukuliwa na Tanganyika mwaka 1961 kwa maneno yetu ya Kiswahili. Na ambao tuni yake imo hata kwenye kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Finland. Peni sita. Diana alifariki mwaka 1929. Nimempa mstari wake kwenye kadi, kwa jina lake kamili, Diana Mgqibisa.

Upande wa programu: solfa bado naichapa ndani ya MuseScore, programu ya kuandika nota, kama ubeti wa kwanza wa maneno, na maneno halisi nayaweka ubeti wa pili. Kila herufi inakaa chini ya nota yake yenyewe, na ukibadilisha upana wa ukurasa hakuna kinachohama. Ninajua walimu wengi wa kwaya wanachapa solfa kwenye Word kwa kugonga nafasi, na sitachoka kuwasihi waache. Nukta pacha na vistari vya kushikilia sauti vinahama ukibadilisha fonti tu, na Word inaigeuza alama ya d ya juu kuwa alama ya kunukuu iliyopinda. Mwimbaji wa besi akisoma karatasi hiyo kwenye taa hafifu ya kanisani anashuka badala ya kupanda. Kama lazima utumie Word, basi tengeneza jedwali, kila pigo kisanduku chake, na zima yale masahihisho ya moja kwa moja kabla hujaandika herufi ya kwanza.

Kwa mpango niliouweka, kadi inayofuata ilikuwa ya Joseph Kiwele wa Katanga, na baada yake mfululizo wa Wakatoliki. Mpango huo nauahirisha. Kumfuatilia Sontonga kumenipeleka Lovedale, na Lovedale nimekutana na John Knox Bokwe (1855–1922), na sasa siwezi kumwacha. Bokwe ndiye aliyeziweka kwenye solfa nyimbo za Ntsikana, nabii wa Wakhosa aliyefariki mwaka 1821 bila kuandika hata nota moja. Ntsikana alitunga, wafuasi wake wakaimba kwa miongo mingi bila karatasi, kisha Bokwe akaja na kalamu. Sasa Bokwe naye ni mtunzi? Ni mpangaji? Sauti nne alizoziandika, zipi alizisikia kwa wazee na zipi alizijaza kwa mafunzo ya Lovedale?

Jedwali jipya halikuwa na safu ya "aliyeandika nota kutoka vinywani mwa waimbaji". Nimeiongeza asubuhi hii, na kadi ya Ntsikana nimeianza kwa solfa ya Bokwe, soprano peke yake kwanza. Seti ya kwanza inakwenda kwa mchapaji Jumatatu. Mwenye nakala safi ya besi ya "Kaa nami", ile tuni ya William Monk, anitumie kabla ya hapo, maana ya kwetu ukurasa wa pili umeliwa na mchwa.